Ukiipenda Riwaya Nusu Nusu

Umesoma kurasa mia mbili za Fourth Wing kwa siku mbili. Maharagwe yameungua, simu imelia hukuisikia, na bado ukizima taa usiku unanung'unika kwamba kitabu hiki kinakera. Kukicha unakipapasa chini ya mto. Kama hayo ndiyo yaliyokupata, mwongozo huu ni wako, hasa ukiwa upande wetu huu wa Kibomet na Kitale, au ukiteremka Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, ambako riwaya kama hii humfikia mtu ikiwa imeshapitia mikono mitano na jalada lake limeshikwa na selotepu.

Nami yalinipata. Binti wa kaka yangu, anayesoma chuo huko Bungoma, alikuja likizo akaniwekea kitabu mezani. "Senge, soma hiki kisha uniambie ukweli," akasema, akiniita shangazi kwa lugha yetu. Nilikisoma kwa siku nne. Alipoudai ukweli nikashindwa kumjibu, kwa maana nilikuwa na kweli mbili na zilikuwa zikigombana. Nilimpa jibu la mkato, kwamba ni kitabu kizuri tu cha vijana, naye akanyamaza. Niliona usoni mwake kwamba nimemvunja moyo. Ninayokuandikia hapa nimejifunza baada ya siku ile, ili wewe usijibu kama nilivyojibu.

Kwanza kijue kitabu chenyewe. Mwandishi wake ni Rebecca Yarros, Mmarekani, na kilitoka Mei 2023. Cha pili, Iron Flame, kilifuata Novemba mwaka huohuo, na cha tatu, Onyx Storm, kikatoka Januari 2025 na kuuza zaidi ya nakala milioni 2.7 katika wiki yake ya kwanza. Mfululizo umepangwa uwe wa vitabu vitano. Aina hii huitwa romantasi, yaani mapenzi na fantasia vimepikwa chungu kimoja. Hadithi ni ya Violet Sorrengail, msichana wa miaka 20 aliyelelewa na baba yake awe mtunza kumbukumbu, mtu wa maktaba na wino. Baba amefariki. Mama yake ni jenerali, naye anamlazimisha aingie kitengo cha wapandaji majoka katika chuo cha vita cha Basgiath. Siku ya kwanza makuruta huvuka ukingo mwembamba wa mawe ulio juu sana, na anayeteleza hufa palepale. Chuoni humo yumo Xaden Riorson, kijana ambaye baba yake aliongoza uasi akauawa, na mama wa Violet alikuwa na mkono katika kifo hicho. Umeshajua hao wawili wanaelekea wapi. Nilijua mapema kama wewe, na sikuacha kusoma.

Kuhusu kukipata, nakala halisi ni ghali, na mwaka 2013 vitabu hapa Kenya vilianza kutozwa VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo watu hutumiana faili kwenye WhatsApp. Sikubaliani na jambo hilo hata kidogo. Faili la wizi linamnyima mwandishi jasho lake, na likishazoeleka kwa Yarros litazoeleka kwa mwandishi wa Kimilili ambaye anauza nakala mia tatu tu. Changeni. Watu wanne wakitoa sehemu sawa na kila mmoja akakaa nacho wiki mbili, ndani ya miezi miwili wote mmesoma. Kivalisheni karatasi ya kaki kama tulivyovalisha vitabu vya shule, na ndani ya jalada andikeni majina kwa zamu.

Sasa chukua karatasi ya daftari uipige mstari katikati kwa rula. Kushoto andika "Kimenishika", kulia "Kimenikwaza". Ikunje uitie ndani ya kitabu iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Kila moyo unapodunda, au unapojikuta umekunja uso, andika namba ya ukurasa na maneno machache. Jikataze maneno mawili, "nzuri" na "mbaya". Andika kilichotendeka pale penyewe, kwa sababu hukumu uliyoitoa usiku wa saa tano itabadilika, lakini tukio halibadiliki, na kesho utaweza kulirudia ulitazame upya.

Karatasi yangu ninayo bado, ina doa la chai pembeni. Kushoto, mstari wa tatu unasema, "Anafunga goti." Kulia, chini kidogo, "Kijana amekufa, aya inayofuata wanataniana." Mistari hiyo miwili ndiyo iliyonionyesha nilichokuwa nikikipenda na kilichokuwa kikiniudhi, na ilinichukua muda kuielewa.

Tuanze na goti. Violet ana mwili wenye viungo vilegevu. Mabega yake huteguka, mifupa yake huvunjika upesi, na kabla ya mazoezi hujifunga bandeji kama fundi anayefunga bomba linalovuja. Yarros mwenyewe ana hali ya mwili iitwayo Ehlers-Danlos, na amempa Violet maumivu anayoyajua. Hakuna uchawi unaomwondolea hali hiyo. Akikabiliwa na mpinzani mwenye nguvu kuliko yeye, hutumia elimu yake ya mimea, akamtilia sumu kidogo kwenye chakula kabla ya pambano. Akishindwa kukaa imara mgongoni mwa joka, anatafutiwa tandiko, na wapo wanaomcheka kwa ajili ya tandiko hilo.

Nina dada mwenye selimundu, ugonjwa ambao sisi wa Magharibi tunaujua sana. Kitale iko juu, karibu mita 1,900, na baridi ya Julai humwamsha maumivu. Nimemwona mara nyingi akivaa soksi mbili mbili, akajaza chupa maji ya moto, akaiviringisha kwa leso na kuilaza baina ya magoti kabla hajasema neno na mtu. Hufanya hivyo bila kulalamika, kama mtu anayefunga mlango usiku. Sikuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo ndani ya hadithi ya vita, akiwa ndiye mwenye hadithi, wala si yule anayehurumiwa kando ya njia. Ndiyo maana nilishikwa. Nilipojua hivyo, nikaacha kuona haya kwamba mwanamke wa umri wangu amekesha na kitabu cha majoka.

Fanya vivyo hivyo na safu yako ya kushoto. Mstari unaojirudia hapo una kitu chako ndani yake. Pengine ni mama jenerali ambaye hajui kumkumbatia binti yake. Pengine ni ule ukingo wa mawe wenyewe. Kijana mmoja wa hapa Kibomet aliniambia alipousoma alikumbuka siku ya kuandikisha makuruta wa jeshi, mamia ya vijana uwanjani na bahasha za kaki mkononi, viatu vimevuliwa, na afisa anayepita akiwatazama meno. Yeye alirudishwa nyumbani. Hakunieleza zaidi, wala sikumwuliza.

Safu ya kulia inahitaji uangalifu zaidi, maana kukwazwa kuna aina nyingi na watu huzichanganya. Kuna kukwazwa kwa lugha. Watu wa Navarre, nchi ya Violet, wanapigana kwa visu na kuishi ndani ya ngome, ila husemezana kama wanafunzi wa chuo cha Marekani wa leo, na matusi yaleyale. Jambo hilo litakuudhi kurasa thelathini kisha utalizoea. Kuna kukwazwa kwa majina. Baadhi ya majina na maneno yametolewa katika Kigaeli cha Uskoti, na mwaka 2023 wenye lugha yao walilalamika hadharani kwamba mwandishi anayatamka visivyo. Mimi niko upande wao. Ukiwahi kumsikia msomaji wa orodha akilivunja jina la mama yako kwa sababu lina ng' katikati, utawaelewa.

Kisha kuna kukwazwa kwa neno joka. Katika Kiswahili joka ni nyoka aliyezidi kimo, na kwa aliyepita shule ya Jumapili, joka ni lile la Ufunuo sura ya 12, lenye vichwa saba na pembe kumi. La Yarros lina miguu na mabawa na kiburi cha kifalme, nalo humsemesha mpandaji wake ndani ya akili. Tairn, joka jeusi linalomchagua Violet, huongea kama babu mkali anayemjali mjukuu bila kutaka ijulikane. Sauti ya joka kichwani mwa binadamu ni jambo ambalo kanisani kwetu lingeombewa, na nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini jioni nzima. Kama nawe umesita, usijilazimishe kupita haraka. Andika upande wa kulia, halafu uliza joka hili lina kazi gani katika hadithi. Makuruta hawachagui majoka, ila wao ndio wanaochaguliwa. Na joka likifa, mpandaji wake hufa nalo. Hilo ni agano, na mwenye kujua maana ya bakoki, wale waliopashwa tohara msimu mmoja na ambao hawaruhusiwi kutupana hadi kaburini, haoni ugeni humo. Nililisoma joka kama agano, nikaendelea.

Lile la nne ndilo zito, na ndilo nililoliandika mara nyingi kuliko yote. Vijana wanakufa. Wanaanguka ukingoni, wanachomwa na majoka, wanachomwa visu na wenzao. Asubuhi majina yao husomwa, na siku inaendelea. Nilijiambia kwamba chuo cha vita ndivyo kilivyo, na kwamba mume wa Yarros alikuwa mwanajeshi miaka mingi, kwa hiyo mwandishi anakijua anachokisema. Bado nilikereka, na nilijua sababu siku nilipomsikia jirani yetu mmoja akieleza kwa nini alikirudisha kitabu bila kukimaliza. Yeye alitoka upande wa Cheptais. Kati ya 2006 na 2008 kulikuwa na vita vya ardhi Mlima Elgon, wanamgambo wa SLDF wakiwatesa watu, kisha Machi 2008 jeshi likaingia kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, na watu wakateswa tena. Walikimbilia Bungoma na Trans Nzoia kwa maelfu. Wapo wanawake ambao hadi leo hawajui waume zao wamelala wapi. Mtu wa namna hiyo akisoma orodha ya majina ya waliokufa ikipita kama tangazo la mvua, anaruhusiwa kukifunga kitabu. Ukiwa wewe ndiye mtu huyo, kifunge, na usikubali mtu akuambie kwamba ni hadithi tu.

Ukiamua kuendelea, nakushauri uiweke kando yake hadithi ambayo tayari tunayo. Bibi yetu, kukhu, aliyeishi upande wa Chwele, alikuwa akiisimulia jioni tukipukuchua mahindi. Nyoka mkubwa, Yabebe, alikaa pangoni kule Mwiala akala watu na mifugo. Majirani wa Sabaot, ambao Wabukusu huwaita Barwa, wakamwambia Mango mwana wa Bwayo kwamba akitaka kutahiriwa kama wanaume wao, na kumpata msichana wao, basi kwanza aue nyoka yule. Mango akaingia pangoni nyoka akiwa nje. Akamngojea gizani na silaha yenye makali. Nyoka aliporudi na kupenyeza kichwa, akakikata. Kukhu akifika hapo alikuwa anaacha gunzi mkononi, hapukuchui tena, anatutazama mmoja mmoja. Kisha anasema kwamba kichwa kilichokatwa kiliruka, kikauma mti, na mti ule mbichi ukanyauka wote.

Wasimulizi hutofautiana. Wengine hawamtaji msichana kabisa. Lakini kwa namna ya kukhu, hadithi hiyo ina joka, mapenzi, jaribio la kifo na alama ya mwilini, na wanaume wa Kibukusu bado wanaibeba kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, wakati watahiriwa wanapotoka mtoni alfajiri wamepakwa matope na wimbo wa Sioyaye unavuma barabarani. Usiku nilipoikumbuka ndipo nilipopata jina la kinachonikwaza kwa Yarros. Kwake kuna vichwa vingi vinavyokatwa na miti michache inayonyauka. Kifo kinapita na majani yanabaki kijani.

Kama hujafika mwisho wa kitabu, ruka aya hii. Kuna kifo kimoja kule mwishoni, cha Liam, ambaye joka lake linauawa kabla yake, na Violet yuko naye hadi pumzi ya mwisho. Hapo mti umenyauka. Nililia, na hata sasa nikiandika naona mikono yake. Pia kuna mgongo wa Xaden wenye makovu 107, moja kwa kila mtoto wa waasi ambaye yeye amejitoa dhamana kwa ajili yake. Mwandishi aliyeweza kuandika hayo mawili angeweza pia kuwaomboleza wale wengine, na kwa hiyo ninamdai. Deni hilo limo katika safu yangu ya kulia kwa wino mwekundu.

Wengi hukwama kwenye mapenzi, na huko nina ushauri wa moja kwa moja. Acha kujiuliza kama Xaden ni mzuri wa sura, maana mwandishi ameshamaliza kazi hiyo kwa niaba yako. Tazama anamtendea nini Violet akiwa dhaifu. Weka kando yake Dain, rafiki wa utotoni, anayetaka Violet atoroke chuoni akaishi salama na vitabu. Dain anamhurumia, Xaden anamfunza kupigana. Hapo nilikuwa na Xaden kwa moyo wote, kwa sababu nimeona jinsi dada yangu anavyochukia kuhurumiwa. Halafu fuata swali la pili: nani anamwambia ukweli? Xaden anamwamini kwenye mkeka wa mazoezi na kumficha jambo kubwa kabisa la maisha yake, na baadaye anataka aaminiwe tena. Binti wa kaka yangu alimsamehe ukurasa uleule. Mimi sijamsamehe hadi leo. Tumebishana juu ya hilo kwenye matatu kutoka Webuye hadi Kiminini, abiria wa kiti cha mbele akageuka kuuliza huyo Xaden ni wa ukoo gani, na tukalazimika kuanza hadithi upya kwa ajili yake.

Chumbani, kitabu hakifungi mlango. Kurasa hizo ni ndefu na za wazi. Ukiziruka hutapoteza uzi wa hadithi, nami niliruka baadhi bila kujilaumu. Riwaya imeandikwa kwa ajili ya watu wazima, na ukimkuta nayo binti wa kidato cha pili, ile picha ya joka kwenye jalada isikudanganye. Usimnyang'anye kwa kelele, ataisoma chini ya blanketi bwenini. Kaa naye, mwambie kinagaubaga kwamba humo mna mambo ya mume na mke yaliyoelezwa bila pazia, kwamba hujakasirika, na kwamba kitabu kitamngoja. Mpe kingine chenye moto wake. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ina mvulana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake na safari inamleta hadi hapa kwetu Kitale. Mtoto wa Kitale akikuta jina la mji wake katika riwaya hukaa wima.

Kuna kitu kimoja ambacho huenda ukakipita haraka kwa sababu ya mapenzi na majoka, na naomba usikipite. Violet ni mtunza kumbukumbu kwa malezi, na kidogo kidogo anatambua kwamba vitabu vya historia vya nchi yake vimepunguzwa. Kuna tishio mpakani ambalo watawala wanalijua na wananchi wanaambiwa ni ngano za watoto. Kwangu hapo ndipo riwaya hii ina akili kubwa kuliko kelele zake. Ukiwa ndani ya gari Webuye, inua macho uitazame milima ya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza huko na wengi wakauawa. Malakisi, mwaka 1948, polisi wa mkoloni waliwapiga risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa. Nilisoma miaka minane ya shule ya msingi chini ya milima hiyo bila mwalimu kuinyooshea kidole. Nilipomwona Violet akitafuta kitabu ambacho baba yake alimsomea na sasa hakipo tena rafuni, nilimwelewa vizuri kuliko alipokuwa juu ya joka.

Ukimaliza, utataka kukizungumza, na hapo ndipo nilipoharibu mimi. Utakutana na wa aina mbili. Mmoja ameshaamua kwamba hizo ni hadithi za wazungu zisizo na maana, mwingine ana shati lenye picha ya Tairn na hataki kasoro itajwe. Kwa wote wawili tumia njia moja: ondoa neno "lakini", weka "na". Ukisema "nampenda Violet lakini vifo vinanichosha", msikilizaji anasikia nusu ya pili tu. Sema "nampenda Violet, na vifo vinanichosha". Jaribu kwa sauti uone. Sentensi inasimama kwa miguu yote miwili, na mwenzako hana budi kuuliza swali. Kwa anayedharau, mwulize kama ameisikia hadithi ya Mango, kisha msimulie mpaka kwenye mti. Kwa anayeabudu, mwombe akutajie kuruta mmoja aliyekufa katikati ya kitabu na jina lake. Akikumbuka, amekujibu. Asipokumbuka, mtakuwa mmepata la kuzungumza.

Na mtu mdogo akikuuliza ukweli, mpe karatasi yako yenye safu mbili. Mwache asome mwandiko wako wa saa sita usiku. Nilipompa binti wa kaka yangu ile yangu, mwezi mzima baada ya jibu langu la mkato, alikaa nayo kwenye kiti cha uani mpaka jua likazama upande wa mlima, akauliza jambo moja tu: "Senge, huu mstari wa goti ni wa senge mdogo?" Nilisema ndiyo.

Kuhusu vitabu vinavyofuata, subiri. Kile cha pili ni kirefu kuliko cha kwanza na kimeanzia pale ambapo cha kwanza kimekuacha umeshika kifua, kwa hiyo tamaa itakusukuma ukichukue siku ileile. Pisha wiki tatu. Baada ya hapo, ukiwa unapanga foleni ya kusaga mahindi au unatoka stendi na mzigo, angalia ni nini kinachokurudia kichwani. Kikiwa ni mtu, namna anavyofunga goti, namna anavyonyamaza mbele ya mama yake, endelea. Kikiwa ni fumbo tu ambalo halijafumbuliwa, mtafute aliyemaliza akufumbulie, ujipe wiki mbili za kusoma kitu kingine. Mimi niliendelea hadi cha pili, nikasimama. Sijui kama nitachukua cha tatu, na sioni haraka.

Nakala yetu bado inazunguka. Ilitoka Kibomet ikaenda Kiminini kwa mwalimu mmoja, ikapitia Misikhu, na majuzi imerudi nyumbani na karatasi ya kaki mpya. Karatasi yangu ya safu mbili nilikuwa nimeisahau ndani. Nilipoikunjua nikakuta mtu amepiga mstari mwingine kwa rula pembeni, akaongeza safu ya tatu kwa mwandiko mdogo wa kalamu ya risasi, haina kichwa. Ina majina kumi na moja, yote ya makuruta waliokufa, na mbele ya kila jina namba ya ukurasa.